Kabla ya Kuuliza Fakilte, Uliza Atalala Wapi



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka, vigelegele vinasikika hapa Mulungwishi kutoka lupango hadi lupango. Watoto wanamwagiana pudre nyeupe kichwani, jirani wanaleta kuku. Juma moja kisha, kikao cha jamaa kinaanza. Papa anataka mtoto asome udaktari. Mjomba anataka sheria. Mtoto mwenyewe anataka informatike. Wanabishana fakilte, wanahesabu minervali, wanatafuta mtu wa kupeleka dosie ku Lubumbashi. Swali moja tu halipati nafasi katika kikao kile: mtoto huyu atalala wapi?

Linaachwa mpaka siku ya mwisho. Hapo mama anafunga godoro kwa kamba, anatia unga na ndakala ndani ya mfuko, na mtoto anaambiwa: «Utafikia kwa shangazi, mengine utaona kulekule.»

Nimefundisha sekondari miaka kumi sasa. Katika wasichana niliowafundisha ambao waliacha chuo kikuu njiani, wachache sana waliacha kwa sababu akili ilishindwa. Wengi waliacha juu ya mahali walipolala: chumba kilikuwa mbali, au hakikufungwa vizuri, au nyumba ya ndugu iliwageuza kuwa wafanyakazi wa jikoni. Ndiyo maana juma hili nataka tuzungumze juu ya kuchagua nyumba ya mwanafunzi kwa uangalifu uleule tunaochagua fakilte.

Nyumba ilitangulia diploma

Ku Oxford na Cambridge, vyuo vikuu viwili vya zamani sana vya Uingereza, chuo kikuu ni kama kijiji kikubwa chenye nyumba nyingi. Kila nyumba inaitwa koleji. Ina vyumba vyake vya kulala, ukumbi wake wa kula, maktaba yake na walimu wake. Cambridge na Oxford, kila kimoja kina koleji zaidi ya 30. Mwanafunzi anayeomba masomo anaweza kuandika palepale jina la koleji anayoitaka. Basi kule, swali la kulala wapi linaulizwa siku moja na swali la kusoma nini.

Zamani koleji zile zote zilikuwa za wanaume. Wanawake waliingiaje? Waliingia kwa mlango wa nyumba. Mwaka wa 1869, Emily Davies na wenzake walifungua nyumba ya wanafunzi wanawake ku Hitchin, mji ulio mbali kidogo na Cambridge. Walianza na wasichana 5 tu. Nyumba ile ilihamishwa mwaka wa 1873 karibu na Cambridge, na leo inaitwa Koleji ya Girton. Ku Oxford, nyumba mbili za kwanza za wanawake, Lady Margaret Hall na Somerville, zilifunguliwa mwaka wa 1879. Lakini Oxford iliwapa wanawake diploma kamili mwaka wa 1920 tu, na Cambridge ilingojea mpaka 1948. Hesabuni pamoja nami: kutoka 1869 mpaka 1948 ni miaka 79. Muda huo wote wasichana walikuwa na kitanda, meza na taa, na walisoma. Karatasi ya diploma ilikuja nyuma.

Karibu na sisi mambo yalifuata njia hiyohiyo. Makerere, ku Kampala, ilianza mwaka wa 1922 kwa wanaume peke yao. Wanawake wa kwanza, 6 kwa hesabu, walipokelewa mwaka wa 1945. Leo chuo kile kina nyumba za wanaume na nyumba za wanawake, na kila moja ina jina na desturi zake. Moja ya nyumba za wanawake inaitwa Mary Stuart. Moja ya nyumba za wanaume inaitwa Lumumba, jina la Patrice Lumumba wetu. Kuna desturi moja ya kule ambayo inanipendeza sana: hata mwanafunzi anayelala mjini anaandikwa katika nyumba mojawapo. Kwa hiyo hakuna mwanafunzi asiye na nyumba ya kumjua kwa jina.

Na hapa kwetu Kongo, mwanamke wa kwanza kupata diploma ya chuo kikuu alikuwa Sophie Kanza. Aliipata mwaka wa 1964 ku Lovanium, Kinshasa, na mwaka wa 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi hii. Hiyo ni miaka 60 na kidogo iliyopita. Wengi kati yetu mama zetu walikuwa tayari wamezaliwa. Mlango ambao binti zetu wanaupita ungali mpya. Inafaa tuushike vizuri usifungike.

Kasapa jinsi ilivyo

Watoto wetu wengi wanaotoka hapa wanaenda ku Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kiliundwa mwaka wa 1955, mji ukiitwa bado Élisabethville, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka wa 1956. Mwaka wa 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja kilichoitwa UNAZA, na mwaka wa 1981 vilitenganishwa tena. Nyumba za wanafunzi, zile tunazoita home, ziko ku kampusi ya Kasapa. Zipo za wavulana na za wasichana.

Jambo la kwanza la kujua: vitanda ni vichache kuliko wanafunzi. Asiyepata kitanda analala kwa rafiki, wawili kwa godoro moja au mmoja chini sakafuni. Katika vyuo vikubwa vyetu wanafunzi wa namna hiyo wamepewa jina la makizari, kama watu wanaojificha msituni. Tunacheka tukisikia jina hilo. Lakini makizari hana haki ya kusema lolote ndani ya chumba. Siku rafiki akikasirika, au mchumba wa rafiki akija, yeye anatoka nje na vitabu vyake.

Jambo la pili: si fakilte zote ziko ku Kasapa. Zingine ziko katikati ya mji. Basi home ya Kasapa inaweza kuwa karibu sana kwa msichana mmoja na mbali kwa mwenzake. Uliza kwanza darasa liko wapi, kisha ndipo utafute kitanda.

Jambo la tatu ni zito, lakini sisi ni wamama na tunapaswa kulisema. Usiku wa tarehe 11 kwenda 12 mwezi wa tano 1990, wanafunzi wa Lubumbashi walishambuliwa ndani ya kampusi yao, na watu hawajasahau. Mwezi wa tatu 2021, wakati wa fujo, watu waliingia usiku katika home ya wasichana ya Kasapa na wakabaka wanafunzi. Sisemi haya ili mtu amfungie binti yake nyumbani. Wasichana wengi wamelala ku Kasapa, wamesoma, na leo ni waganga, mahakimu na walimu. Nasema ili mama yeyote asione haya kuuliza juu ya mlango, kufuli na mlinzi.

Jambo la nne: home inaweza kufungwa kwa siku moja. Mwezi wa kwanza 2020, kisha fujo juu ya minervali ku Chuo Kikuu cha Kinshasa, Serikali ilisimamisha masomo na wanafunzi waliambiwa waondoke katika home zao. Aliyekuwa na jamaa mjini alipata pa kwenda. Aliyetoka mbali alibaki barabarani na sanduku. Kwa hiyo hata binti mwenye kitanda kizuri anahitaji jina la nyumba ya pili, nyumba ambayo inamjua tayari na imekubali kumpokea akibisha hodi usiku.

Njia nne za kulala ku Lubumbashi

Njia ya kwanza ni home ya chuo. Faida yake: iko karibu na masomo, bei yake ni nafuu kuliko kupanga mjini, na mwanafunzi mpya anaishi na waliomtangulia, wanaojua namna ya kusoma kwa kila mwalimu. Usiku wanarudia masomo pamoja. Shida zake: msongamano, maji ya kubeba kwa bido, kelele, na zile fujo nilizosema. Kama home ndiyo njia yenu, kitanda kiandikwe kwa jina la mtoto mwenyewe, na karatasi ya malipo ibaki na mama. Mtu akiwaambia ana kitanda cha kuuza pembeni, bila karatasi, mkumbuke kwamba aliyeuza leo anaweza kumuuzia mwingine kesho.

Njia ya pili ni fuaye za masista na za makanisa. Kule pana kanuni: saa ya kufunga mlango, saa ya kimya, hakuna wageni vyumbani. Wamama wengi wanazipenda, na mimi nazipenda. Lakini pima kanuni zile na masomo ya mtoto. Anayesoma uganga au uuguzi atakuwa na zamu za usiku ku hospitali wakati wa staji. Kama mlango unafungwa saa moja ya jioni bila ruhusa yoyote, siku ya zamu atalala wapi? Uliza mapema kama wanatoa ruhusa ya maandishi kwa ajili ya staji.

Njia ya tatu ni kupanga chumba ndani ya kartie, wasichana wawili au watatu pamoja. Hapo pana uhuru na utulivu, na wanagawana bei ya makala na unga. Lakini mwenye lupango ataomba garanti ya miezi kadhaa kwa mara moja, na choo mara nyingi ni cha watu wote wa lupango. Tena mkataba. Wasichana wakipanga kwa maneno ya mdomo tu, mwenye lupango anaweza kupandisha bei katikati ya mitihani, naye anajua hawataweza kuhama. Kwa hiyo mtu mzima aende, aandike karatasi, asaini, na mwenye lupango amjue kwa uso. Msichana ambaye nyuma yake pana mtu mzima anayejulikana haonewi kwa urahisi.

Njia ya nne ni kwa ndugu. Hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaonekana bure. Tuseme ukweli kati yetu: si bure. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni haki kabisa mtoto asaidie kazi. Lakini methali haikutuambia jembe linawekwa chini saa ngapi. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, binti mwenye akili nyingi katika hesabu. Alipokelewa kwa upendo na jamaa yake mjini. Asubuhi alichota maji, akaogesha watoto wadogo, akaenda masomo akiwa amechelewa. Jioni alisonga bukari ya watu tisa, akaosha vyombo, na alipofungua daftari umeme ulikuwa umekatika. Hakuna aliyemchukia katika nyumba ile. Hakuna aliyempiga. Alianguka mwaka wa kwanza, akarudia, akaanguka tena, na minervali ya miaka miwili ikapotea.

Kama ni kwa ndugu, basi mkae chini kabla mtoto hajafika, mama kwa mama. Sema wazi: «Yaya, nakushukuru. Mtoto atakusaidia asubuhi na siku ya posho. Lakini kutoka saa moja ya jioni mpaka saa nne, muache asome. Na kila mwezi nitakutumia mfuko wa unga na kitu kidogo cha makala.» Mfuko ule wa unga unalinda heshima ya wote wawili. Ndugu anayepokea kitu hajioni ametumiwa, na mtoto hajioni mzigo.

Na wale wanaosoma karibu

Kuna njia nyingine ambayo wengi wanaipita bila kuiangalia, kwa sababu iko mbele ya mlango. Hapa petu Mulungwishi pana Chuo Kikuu cha Methodisti ku Katanga. Likasi pana chuo kikuu na vyuo vingine vya juu. Kama fakilte anayoitaka mtoto inafundishwa karibu na chuo kinatambuliwa na Wizara, anaweza kufanya lisansi yake ya miaka 3 akilala nyumbani au karibu na nyumbani, kisha aende ku mji mkubwa kwa masomo ya juu zaidi akiwa mtu mzima. Si aibu. Mtoto asiyekomaa bado akitupwa katika mji mkubwa na miaka 17, si lazima awe msomi kuliko yule aliyebaki.

Wengine wanatazama mbali. Familia kadhaa za Katanga zimepeleka watoto ku Africa University, chuo cha Kanisa la Methodisti karibu na Mutare, Zimbabwe, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka wa 1992. Kule wanafunzi wanaotoka nchi nyingi wanaishi ndani ya chuo, na anayejua Kifaransa tu anaanza kwa kujifunza Kiingereza. Ku Dar es Salaam, chuo kikuu kilifungua mwaka wa 2017 majengo mapya ya kulala yenye nafasi ya wanafunzi 3 840. Njia zile ni za feza nyingi, lakini angalieni namna walivyofikiri: walijenga vitanda kwa sababu walijua kwamba mwanafunzi anayelala mbali anafika darasani akiwa amechoka tayari.

Karatasi ya hesabu

Sasa chukueni karatasi na kalamu. Usilinganishe bei ya chumba na bei ya chumba. Linganisha maisha ya mwezi mzima. Bei ninazoweka hapa ni za mfano tu. Wewe weka zako.

Tuseme chumba cha karibu ni franka 150 000 kwa mwezi, na chumba cha mbali ni franka 80 000. Mama anasema: cha mbali ni nafuu, tumepata faida ya 70 000. Ngoja. Tuseme basi moja ni franka 1 500. Kwenda na kurudi ni 3 000. Siku za masomo kwa mwezi ni kama 22. Hiyo ni 66 000. Kama ni lazima kubadilisha basi njiani, ni mabasi mawili kila safari, na jumla inakuwa 132 000. Chumba cha franka 80 000 sasa kimekuwa cha 212 000, na bado hujahesabu saa mbili au tatu za kila siku zinazobaki barabarani, wala giza la jioni ambalo binti anatembea ndani yake kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni.

Ongeza makala, maji, yunite za simu, fotokopi za silabusi. Kisha gawanya feza kwa miezi yote ya mwaka wa masomo, si kwa miezi mitatu ya kwanza tu. Wasichana wengi hawaumii mwezi wa kwanza. Wanaumia mwezi wa tano, wakati mfuko kutoka nyumbani umepungua na mtu mmoja mwenye gari anajitolea kulipa chumba. Mnajua ninasema nini. Mama aliyehesabu mapema amefunga mlango ule kabla haujafunguliwa.

Maswali ya kuuliza ukifika pale

Mtu aende kuona nyumba kwa macho, na aende jioni, si saa nne ya asubuhi. Asubuhi kila nyumba ni nzuri. Akifika aulize hivi:

Mlango unafungwa kwa nini, na nani mwingine ana funguo?

Choo kiko wapi, kina mlango wenye komeo, na kuna taa kwenye njia ya kufika pale usiku?

Maji yanatoka saa ngapi, na yasipotoka wanachota wapi?

Chumba kina vitanda vingapi, na kwa kweli wanalala watu wangapi?

Nani anasimamia nyumba hii, na anapokea simu usiku?

Pana meza na kiti cha kusomea, au anasomea juu ya kitanda?

Pakitokea moto au fujo, watu wanatokea wapi?

Kisha tafuta wasichana wawili wanaokaa pale mwaka wa pili, zungumza nao pembeni, msimamizi asiwepo. Waulize swali moja tu: «Kama ungekuwa na mdogo wako, ungemleta hapa?» Angalia wanavyotazamana kabla ya kujibu.

Mtoto mwenyewe naye asemeje

Hatuchagui nyumba kwa ajili ya gunia la mahindi. Tunachagua kwa ajili ya mtu mwenye tabia yake. Kuna msichana anayesoma vizuri akiwa na wenzake sita wanaoulizana maswali. Huyo atanawiri ku home. Kuna mwingine ambaye kelele inamwondolea akili. Huyo umtafutie fuaye au chumba cha watu wawili. Kuna anayeogopa kusema hapana. Usimpeleke mahali asipokuwa na mkubwa wa kumsemea. Mwalimu wake wa darasa anaweza kukusaidia hapo. Tumekaa nao miaka, tunajua nani anashikamana na nani.

Wekeni pia mapatano kabla hajaondoka. Siku ya kupiga simu ijulikane. Neno moja la siri lijulikane, ambalo akilisema kwa simu mama anaelewa kwamba kuna hatari na hawezi kusema wazi. Na ahadi moja itoke kinywani mwa papa na mama wote wawili: «Ukipatwa na jambo lolote, rudi. Hatutakuuliza kwanza kwa nini ulikuwa pale.» Wasichana wengi wamenyamaza juu ya kuogopa hasira ya nyumbani kuliko hatari yenyewe.

Kwa ajili ya hayo, jueni mambo mawili. Sheria za tarehe 20 mwezi wa saba 2006 zinaadhibu ubakaji na pia mtu mwenye mamlaka anayemsumbua mwanamke kwa kumtaka kimwili, awe mwalimu, msimamizi au mkubwa wa kazi. Na msichana akibakwa, afikishwe ku hospitali mapema sana, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafanya kazi ndani ya muda ule. Asioge kwanza, asifue nguo zile. Afike, kisha mengine yatafuata.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Hakuna mama mmoja hapa anayeweza kwenda Lubumbashi kila mwezi. Lakini vikundi vyetu vinaweza. Tunajua tayari kucheza likelemba ya kununua masufuria na vitambaa. Likelemba ileile inaweza kulipa garanti ya chumba kimoja kwa wasichana watatu wa Mulungwishi, na wamama watatu wakairudisha kidogo kidogo. Tunajua tayari kupeana zamu za kutembelea wagonjwa. Zamu ileile inaweza kumpeleka mama mmoja kila mwezi ku Lubumbashi, si kwa mtoto wake tu, ila kwa mabinti wote wa kikundi: aone vyumba, ahesabu vitanda, aonje chakula chao, arudi na habari ya kweli.

Na wale dada zetu walioolewa Lubumbashi, tuwaandike majina. Kila binti anayeondoka apewe jina la mama mmoja wa pale ambaye si lazima alale kwake, lakini atakuwa nyumba yake ya pili siku home ikifungwa au siku moyo ukimlemea.

Katika mkutano ujao wa kikundi, kila mama mwenye mtoto finalisti alete karatasi yenye mistari mitatu. Mstari wa kwanza: fakilte anayotaka, na darasa liko upande gani wa mji. Mstari wa pili: atalala wapi, na kwa mwezi itagharimu ngapi, basi na makala ndani yake. Mstari wa tatu: jina la nyumba ya pili. Mama ambaye mstari wake wa tatu uko mtupu, asiondoke kabla sisi wengine hatujamsaidia kuujaza.